Joka Halipai Bila Wimbo

Usingizi wa jana ulinipeleka Tokyo bila kuniuliza. Nililala Tanga nikiwa sina sauti, imekauka tangu Jumatatu, na kukicha ni harusi ya mdogo wangu Tausi. Nilimwahidi tangu utotoni kwamba siku yake nitamwimbia mimi, si flashi ya muziki.

Mlangoni mwa ukumbi wa maigizo amesimama mlinzi, na mlinzi ni riwaya. Riwaya nene ya wachawi, jalada la bluu.

"Karibu, dada," inasema. "Wamenigeuza mchezo wa kuimba. Msitu wangu wote wameufyeka, jukwaani wamebakiza mti mmoja."

Nikaipa pole kwa kichwa.

"Kumbe huna sauti? Humu uchawi huimbwa. Ukisemwa tu, haushiki. Basi vaa nguo nyeusi ukabebe joka la maigizo. Desturi ya hapa, mwenye nyeusi haonekani."

Nikavaa. Kutazama chini, miguu sina. Sawa. Nikashika mkia wa joka, tukaingia jukwaani.

Jukwaa ni uani kwetu. Tausi amekaa katikati na hina zake, anawapitia kwa macho watazamaji wa Kijapani mmoja mmoja, ananitafuta. Mchawi mkuu, mama mmoja mwenye ndevu za kubandika, anamwinamia kwa adabu.

"Mwimbaji wako hayupo, bibi harusi. Asiyekuwepo na lake halipo. Tuchomeke flashi?"

Tausi akainamisha uso. Moyo uliniuma, halafu nikapandwa na hasira. Mimi nibebe mkia wa joka, mdogo wangu aimbiwe na flashi?

"Usiniachie," joka likaninong'oneza. "Nitaanguka."

Nikaliachia. Likaanguka. "Haya," likasema.

Nikavua nyeusi, wote wakaniona. Kilichonitoka kooni kilikuwa mkwaruzo wa sufuria. Nikarudia, mkwaruzo uleule.

"Endelea, dada," riwaya ikasema kutoka mlangoni. "Ukishaonekana huruhusiwi kunyamaza."

Nikarudia tena na tena, machozi yananitoka, mpaka ubeti ukaja mzima. Joka likajiinua pale chini likapaa lenyewe, halina mbebaji. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Nikaamka. Tausi amesimama mlangoni na kikombe cha tangawizi, kakunja uso.

"Da Mishi, kina nani walikuwa wanapiga makofi humu?"

"Watu wa Tokyo," nikamjibu.

Sauti iliyonitoka ilikuwa yangu. Tausi akakaa sakafuni na kikombe chake, akaanza kulia, nami nikamwanzia ubeti wa kwanza.