Mwalimu Asiyewahi Kufundisha

Placidia alikuwa akianua kahawa kwenye mkeka, nyumbani kwao Chonyonyo, mvua ikinukia upande wa Ihanda. Alipomaliza alifuta mikono kwenye kanga, akaenda mwisho wa migomba ambako mtandao hushika, akamwandikia barua pepe Deodatus, mwalimu mkuu wa shule binafsi ambako Placidia alifundisha darasa la kwanza zaidi ya miaka kumi, tangu atoke chuoni hadi mwaka jana.

"Shikamoo Mwalimu Mkuu. Nimeomba kazi shule moja ya huko Kyerwa. Wanataka mdhamini anayeijua kazi yangu. Naomba niwape jina lako. Watakuuliza tu kama nilifundisha, na nilifundishaje."

Alisita kabla ya kutuma. Hawakuagana vizuri. Deodatus alimpiga makofi mwanafunzi mmoja wa kike, Uwiduhaye, kwa kuchelewa, hata sikio likatoka damu, kisha akawaagiza walimu waseme mtoto aliteleza. Placidia alimweleza ukweli mama wa mtoto, Anonciata, anayelima vibarua kwenye mashamba ya watu. Anonciata alikwenda kulalamika, akaambiwa kwanza alete karatasi za uraia, maana jina lake lilikuwa la ng'ambo ya mpaka. Placidia akaachishwa kazi.

Lakini mdhamini mwingine hakuwa naye. Akatuma.

Watu wa Kyerwa walimwandikia Deodatus, naye akawajibu upesi, Placidia akipewa nakala: "Simfahamu mtu huyo. Hajawahi kufundisha hapa."

Jumapili, mtoto wa Benadeta, mmoja wa wazazi wa shule ile, alisimama kanisani kusoma somo la kwanza. Alikitazama kitabu, akakigeuza, akasema, "Hapa wametembea sisimizi." Padri akasoma mwenyewe. Kesho yake binti wa sekondari kule Bugene alirudishwa nyumbani katikati ya mtihani. Wote waliopita mikononi mwa Placidia hawakujua tena kusoma. Uwiduhaye naye alisahau. Sikio lake tu lilibaki vilevile, halisikii.

Hakuna aliyeuliza imewezekanaje. Kama mwalimu hakuwepo, alichofundisha kingetoka wapi?

Placidia alimwita Uwiduhaye, akamchorea herufi a kwenye vumbi, akamtamkia upande wa sikio zima. Mtoto aliitamka vizuri. Kabla hajafika barabarani alikuwa ameisahau. Placidia aliifuta kwa mguu, akaingia ndani, akalia kidogo, kisha akamenya ndizi.

Wazazi wakaenda kwa Deodatus. Aliwakaribisha viti.

"Mwalimu Mkuu," Benadeta alisema, "tunakuomba uandike tu kwamba alikuwepo. Watoto watarudi walivyokuwa."

"Nikiandika kwamba alikuwepo," Deodatus akajibu kwa upole, "basi na aliyoyasema yalikuwepo."

Anonciata alikuwa amesimama mlangoni. Kiti chake hakikupatikana.

"Na yalikuwepo," akasema.

Benadeta hakugeuka. Alijifunga kanga upya, polepole, kama mtu anayejipa muda wa kufikiri.

"Basi warudie darasa la kwanza," akasema.

Deodatus akakubali, akawaahidi mwalimu mpya. Wakamshukuru, wakaondoka. Anonciata alitangulia peke yake, maana shamba la watu lilikuwa likimngoja.

Shule ya Kyerwa ilimwandikia Placidia kumpa pole, ikaajiri mwingine. Baba yake alisema wangeongeza miche ya kahawa. Placidia hakutaka kungoja miche. Alimfuata Anonciata kwenye vibarua, wakawa wanapalilia maharage pamoja.

Asubuhi moja, jembe begani, alikutana na watoto njiani wakienda shule. Waliokuwa wameshaota ndevu walitembea na wadogo zao, wote wakiimba a, e, i, o, u, wakikosea pale pale wanafunzi wote wanapokosea. Walipomkaribia walinyamaza, kama watoto wanavyofunzwa kunyamaza mbele ya mtu mzima wasiyemjua.

"Shikamoo mama," wakasema.

"Marahaba," Placidia akajibu, akasogea pembeni ili wapite.