Honi ya Makorora

Zabron ni ndugu wa marehemu mke wangu, tumbo moja. Naanza na hilo ili msije mkasema nalalamikia mtu baki.

Alikuja kwangu Makorora wiki moja kabla ya fainali, akakaa kwenye benchi la banda langu la kutengeneza baiskeli, akala muhogo wangu wa nazi, akanieleza sheria. Yeye ni mjumbe wa kamati ya mashindano, ana fulana yao yenye kola. Mimi darasa la nne nililiachia huko kwenye mashamba ya mkonge. Kwa hiyo nilimsikiliza kama mtu anavyomsikiliza daktari.

"Shemeji, hapa mnacheza mpira wa mtaani," akasema. "Vipindi viwili, faulo hamhesabu, mtu akianguka mnacheka. Kule ni ngazi ya mkoa. Robo nne. Faulo tano, mtoto anatoka na harudi. Akirusha kutoka nje ya ule mstari mkubwa, pointi tatu."

"Tatu hata kwetu tunazo," akasema Hatim. Huyu ana duka la vipuri jirani yangu, na jioni ndiye anayewafundisha mabinti mpira wa kikapu. "Tuambie tusiyoyajua, mheshimiwa."

"Mengine ni yale yale."

"Na kule kuatamia kwetu?" nikauliza mimi.

Timu yetu ikishatangulia, mpira anapewa binti yangu Consolata. Anadunda. Wenzake wanamkinga, hakuna anayerusha golini, wapinzani wanamfukuza mpaka ndimi nje, naye yumo tu na mpira wake kama kuku juu ya mayai. Ndiyo tunaita kuatamia. Mimi ndiye ninayeshika saa. Muda ukifika nabinya honi yangu, ile ya baiskeli za zamani, basi, tumeshinda. Makorora nzima inajua kwamba honi ikilia, mchezo umekwisha.

Zabron akafuta vidole. "Atamieni," akasema. "Nani atawakataza?"

Na alijua tunachogombea. Shule moja ya bweni huko Lushoto ilikuwa inamleta mtu kutazama fainali, achague binti mmoja kutoka timu itakayoshinda, asomeshwe bure mpaka amalize kidato cha sita. Mke wangu Praxeda alipokuwa amelala hospitali, neno lake la mwisho la maana lilikuwa hilo, kwamba Consolata asome. Alimwambia kaka yake, mimi nimesimama pale pale. Zabron akamshika mkono, akasema, "Nitasimama naye."

Fainali tulikutana na timu ya mjini, anayochezea Beatrisi, binti wa Zabron. Juu ya mlingoti wa goli walikuwa wamefunga kisanduku chenye tarakimu nyekundu, zinashuka, zinaanza tena. Hatim akaenda mezani kuuliza ni cha nini. Wakamwambia, "Kaa kwenye benchi lako, kocha." Robo zikiisha waligonga kengele, na watoto walikuwa wanarusha upesi upesi, kwa hiyo kile kisanduku tukakisahau.

Mwishoni kabisa tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja. Mpira akapewa Consolata, akaatamia. Sijawahi kumwona akidunda vile. Beatrisi alimfuata kila kona, lakini hakunyoosha mkono kuupora. Alikuwa akitupia macho kile kisanduku.

Honi ikalia.

Consolata akauweka mpira chini taratibu, akainua mikono. Wenzake wakamrukia. Hata mimi nilisimama, nikakumbatiana na muuza maji nisiyemjua. Hatim peke yake alikuwa anapiga kelele, "Rudini, rudini nyuma," maana alimwona refa akiuokota mpira na kumpa Beatrisi. Beatrisi akautoa, akarudishiwa, akaenda peke yake hadi chini ya goli. Mpira haujatulia wavuni, kengele ikagongwa.

Binti yangu akamwendea. Hao likizo hulala godoro moja.

"Beti, ulijua?"

Beatrisi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. "Baba alisema nisikwambie."

Zabron nilimkuta mezani anakunja nyaya.

"Ngazi ya mkoa ina saa ya sekunde ishirini na nne, shemeji," akasema kabla sijafungua mdomo. "Usiporusha, honi inalia na mpira wanapewa wenzio. Ilielezwa kikaoni."

"Kikao gani?"

"Cha makocha wenye leseni."

"Leseni sina, simu ninayo," akasema Hatim. "Na namba yangu unayo, maana kila ukitaka tairi kwa mkopo unanipigia."

"Wewe uza vipuri."

"Nilikuuliza, Zabron," nikasema. "Ukiwa na muhogo wangu mdomoni."

"Uliuliza kama mnaruhusiwa kuatamia. Mnaruhusiwa. Ila mkiatamia mnapokonywa."

Ndivyo walivyo waliowekwa juu. Mkongeni ndivyo, hospitali ndivyo, sasa hata mpira wa watoto. Hawakudanganyi. Wanakuachia ukae gizani, halafu wanakuhukumu kwa kutoona.

Yule mtu wa Lushoto alimchagua Beatrisi.

Kwa ukoo wao, binti akienda kusoma mbali, shangazi yake humpa kanga aliyoivaa mwenyewe, afunge mzigo wake. Shangazi wa Beatrisi alikuwa Praxeda. Basi Jumapili baada ya misa Zabron akaja, binti yake nyuma.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba."

"Shemeji, dada hayupo lakini nyumba yake ipo," akasema Zabron. "Naomba kanga yake moja."

"Hayo mambo ya ngazi ya familia," nikamwambia. "Wewe uko mkoani."

Hatim alicheka peke yake dukani kwake.

"Usimwadhibu mtoto."

"Na wangu aliadhibiwa na nani?"

Wakaondoka. Nikaona nimemaliza. Jioni nikafungua sanduku la marehemu, kanga ya korosho, ile aliyokwenda nayo hospitali, haimo. Consolata alikuwa uani anaosha sufuria.

"Umempa?"

"Nimempa."

"Baada ya yale?"

"Kanga hiyo mama alituahidi wote wawili, baba. Beti ndiye aliyetangulia kuondoka." Hakuinua kichwa.

Nikarudi ndani kufunga sanduku. Hata huyo walishanichukulia.

Honi nilimpa Hatim, sitaki tena kushika saa ya mtu. Siku hizi anaibinya kila sekunde ishirini na nne, na mabinti wanajifunza kurusha mapema. Nami nikiisikia nikiwa bandani, spana mkononi, bado nasimama, nikidhani tumeshinda.