Karatasi Ilikuwa Tupu

Uvumi wenyewe niliusikia jikoni kwa parokia, tukimenya viazi vya supu ya sikukuu, na mpaka leo sijui nani aliuanzisha. Aliyeniletea mimi ni Celeste, mwenzangu tunayesafisha naye ofisi za benki asubuhi.

"Otília, binti yako si yuko darasa la mwisho mwaka huu? Basi usihangaike. Zile fomu mwalimu anazijaza kabla ya Krismasi. Akiona jina la Kireno tu, tiki, ufundi. Wewe kwenye kikao unaitwa kutia sahihi, kama mtu anayepokea kifurushi posta."

"Nani kakwambia?"

"Nani hajui? Watoto wa Rosário wote watatu, ufundi. Wangu wawili, ufundi. Nitajie mmoja wetu aliyekwenda klasiki. Mmoja tu, nikumenyee viazi vyako vyote!"

Wanawake wakacheka, nami nikacheka nikaendelea kumenya viazi vyangu, maana jina sikulipata. Lakini maneno yale yalininata kama ulimbo.

Ninyi mliofika Luksemburg juzi, jueni hivi. Mtoto akikaribia miaka kumi na miwili, mwalimu na mzazi hukaa wakakubaliana aende wapi: sekondari ya klasiki, inayoelekea chuo kikuu, au ile nyingine, ambayo wenyewe siku hizi wanaiita ya jumla lakini sisi bado tunaiita ya ufundi. Wasipokubaliana, shauri huenda kwa kamati. Hilo la kamati mimi nililijua baadaye.

Na watoto hapa hufundishwa kusoma kwa Kijerumani. Nyumbani kwetu Kijerumani kiko kwenye boksi la mashine ya kufulia, basi. Dita wangu hesabu anazila kama karanga. Kijerumani alikuwa anakipanda kama mlima, taratibu, lakini anapanda. Anataka kuwa daktari wa mifugo tangu likizo ile ya Agosti kwetu Ureno, alipomwona kondoo wa babu yake akizaa mapacha. Ufundi hauelekei huko, au unaelekea kwa kuzunguka sana.

Kikao kilikuwa wiki mbili kabla ya Pasaka. Nilioka mkate wetu wa Pasaka, ule wa kutiwa nyama ndani, nikaufunga kwa kitambaa safi. Kijijini kwetu, milimani kaskazini mwa Ureno, kwa mwalimu huendi mikono mitupu, na mwalimu akisema hujibishani naye. Mimi niliishia darasa la nne. Katika miaka hiyo minne sikuwahi kumwona mama yangu akimkatiza mwalimu.

Mume wangu Adérito alikuwa kazini. Walimu huzungumza nasi wageni kwa Kifaransa, na changu ni cha ndoo na kitambaa, kwa hiyo nilimchukua Dita atafsiri.

Mwalimu Theisen si mtu mbaya. Alinikalisha, akaupokea mkate kwa mikono miwili, akaanza kusema. Dita alikuwa anatafsiri akiwa ameinamia meza.

"Anasema kwenye hesabu niko vizuri."

"Mwambie asante."

"Anasema Kijerumani changu kinapwaya. Anauliza nyumbani nani ananisaidia."

"Mwambie hakuna. Baba anarudi giza limeingia."

"Anasema... kwa faida yangu, ufundi ni bora. Eti huko sitateseka."

Nilikuwa na swali moja, nimelifanyia mazoezi tangu nyumbani. "Muulize hivi: akipata wa kumsaidia Kijerumani, hawezi kujaribu klasiki?" Nikasema hivyo huku mkono uko mkobani, unatafuta kalamu. Kichwani nilikuwa na Celeste: imeshaandikwa, imeshaandikwa. Niliona ni heri niulize tu nisije nikajilaumu, kisha nitie sahihi niende.

Dita akainua kichwa, akanitazama. Akasema maneno mawili matatu. Mwalimu akatabasamu, akanisogezea karatasi. Nikatia sahihi palepale kidole chake kilipokuwa. Hata sikutazama kuna nini juu yake.

Jioni nikamweleza Adérito.

"Sasa ufundi una ubaya gani?" akasema. "Mimi si fundi?"

"Wewe fundi ambaye tangu Jumatatu huwezi kuinama ufunge kamba za viatu."

"Hiyo baridi."

"Baridi ya miaka kumi na minne, Adérito."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba nimpake dawa mgongoni.

Alhamisi nilikuwa nyumbani kwa Madam Weydert. Mwanawe Pit anasoma darasa moja na Dita. Sisi tunaosafisha nyumba za watu tuna sheria yetu: jicho huona vumbi, halioni karatasi. Miaka sita nimeishika. Siku ile mtihani wa Kijerumani wa Pit ulikuwa umebandikwa mlangoni mwa friji. Thelathini na tatu kati ya sitini. Wa Dita, mtihani uleule, nilikuwa nimeutia sahihi mwenyewe: thelathini na saba.

Nilipangusa mlango ule mara tatu. Madam akaingia kujipikia kahawa.

"Kuna doa hapo, Otília?"

"Hapana, Madam. Pit anakwenda wapi mwakani?"

"Klasiki. Lakini tulivutana! Mwalimu aliniambia Kijerumani kinapwaya. Nikamwambia hapana."

"Ulimwambia mwalimu hapana?"

"Ndiyo. Nikarudi mara ya pili, nikarudi mara ya tatu. Nikamwambia kwamba Pit tutamtafutia mtu wa kumfundisha. Mwishowe akajaza klasiki mbele yangu."

"Mbele yako? Haikuwa imejazwa?"

"Ingejazwaje na mimi sijafika?"

Nikamuuliza jambo la mwisho. "Alikuuliza nyumbani nani anamsaidia?"

Akafikiri, kikombe mkononi. "Hapana," akasema. "Hilo hakuniuliza." Kisha akanitazama vizuri, nadhani ndipo alipokumbuka kwamba nami nina mtoto.

Kesho yake nilikwenda shuleni peke yangu na Kifaransa changu cha ndoo. Nikamwambia Mwalimu Theisen nimebadili mawazo, nataka klasiki.

"Lakini Bi Otília, karatasi ilikuwa tupu," akasema polepole ili nimwelewe. "Nilikuwa nangoja useme. Nilimuuliza binti yako kama kuna swali. Akaniambia mama ameridhika, mama anashukuru. Na kalamu ulikuwa nayo mkononi." Hakuwa ananidhihaki. "Fomu imeshakwenda. Sote wawili tulikubali, hakuna cha kupeleka kwa kamati."

"Mbona mimi uliniuliza nani anamsaidia nyumbani, wengine hukuwauliza?"

Masikio yalimwiva. "Wengine ninawajua," akasema.

Jina la Pit sikulitaja. Kazi bado naihitaji, na mtoto yule hana kosa.

Akaniambia Dita akifaulu sana mwaka wa kwanza anaweza kuvuka. Nikauliza wangapi wamevuka. "Wapo," akasema. Naye hakupata jina la kunitajia.

Nyumbani nikamkalisha Dita. "Siku ile ulimwambia nini mwalimu?"

"Kwamba umeridhika."

"Mimi nilikupa swali, mwanangu."

"Ningelisemaje, Mama? Niseme, 'Mama anauliza kama mimi si mjinga'? Tena mbele yake?" Akafuta meza kwa kiganja, na meza haikuwa na kitu. "Halafu nilipoinua kichwa, wewe ulikuwa umeshashika kalamu. Nikajua hata wewe huamini."

Nikaenda kugeuza samaki kikaangoni.

Sasa Dita yuko ufundi, muhula wa kwanza. Jumamosi anajifunza Kijerumani maktaba kwa mama mmoja mstaafu, bure. Kumbe alikuwepo pale siku zote. Huenda akavuka, huenda asivuke. Celeste ana mtoto wa tatu, mwakani ndiyo zamu yake, na bado anawaambia watu kwamba fomu zinajazwa kabla ya Krismasi. Ndiyo maana nimeomba karatasi hii ibandikwe ukutani hapa jikoni kwa parokia.

Msifanye haya:

Usiamini kwamba imeshaandikwa, hata ukiambiwa na rafiki yako.

Usimfanye mtoto mkalimani wa shauri lake mwenyewe. Shule hutoa mkalimani bure ukiomba. Barua ya kukuita kikaoni inasema hivyo, chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Usiende mara moja tu. Wenzetu huanza kwenda Oktoba.

Ukiulizwa nani anamsaidia nyumbani, usijibu "hakuna" ukanyamaza. Tafuta mtu kwanza, uende na jina lake.

Usiseme asante kwa jambo ambalo hujakubaliana nalo.

Usitie sahihi siku hiyohiyo. Chukua karatasi nyumbani.

Mkate upeleke, lakini baada ya kikao.

Usitoe kalamu mkobani kabla hujajibiwa.