Kikaratasi cha Siti

Mke wa fundi cherehani hapitwi na kitu. Kila nguo iliyokwisha, mumewe huibandika kikaratasi cha mwenyewe: Bi Mwalimu, Mama Duka, Bibi Mkunga, na nyuma yake mahali anapokaa. Siku hiyo gauni la kijani lililoletwa atie vifungo lilikuwa na neno moja tu mbele ya kikaratasi: Siti.

Alilisoma mara tatu. Neno la zama za nyanya yake hilo, la mwanamke ambaye akiingia, waliokaa huinuka. Yeye, miaka ishirini na miwili ya ndoa, aliitwa "we", na siku njema "mama watoto". Na lisemwalo lipo: majirani walishamdokeza kwamba fundi hukatiza mitaa ya nyuma na kifurushi kwapani.

"Gauni la nani hili?"

"La mteja." Mguu haukuacha kukanyaga cherehani.

"Hana jina?"

"Si limeandikwa?"

Ukiona mwanamke anashona huku kanyamaza, ogopa. Aliyaziba matundu yote sita ya vifungo kwa uzi mara mbili, huyo Siti alivae kama ataweza. Fundi alipotoka kununua uzi, akasoma mahali nyuma ya kikaratasi, akalipeleka mwenyewe.

Mlango ulifunguliwa na bibi kizee aliyepinda mgongo, akaliona gauni.

"Wewe ndiye mkwe wangu! Karibu, mwanangu."

Mke wa fundi, aliyekuja kugombana, alikaa. Bibi akasimulia bila kuulizwa. Alikuwa mfagiaji wa karakana ambamo fundi alijifunzia kazi. Wote walimwita "we fagio". Yeye ndiye aliyemfichia kijana mabaki ya vitambaa ajifunzie kushona.

"Akaniapia akiwa fundi ataniita Siti, na nikiingia atainuka. Mpaka leo haketi kabla yangu. Namwambia inatosha, heshima hiyo kampe mkeo. Anakupa, sivyo?"

Mke alilitandaza gauni mapajani. Aliomba wembe, akaanza kufumua matundu moja moja. Aibu ilimjaa, lakini hasira nayo haikuondoka, ila ilibadilisha mahali.

Aliporudi, fundi alikuwa kwenye cherehani.

"We, ulikuwa wapi?"

Alisimama mlangoni, kikaratasi mkononi, wala hakuingia. Fundi alikitazama kikaratasi, akamtazama yeye. Mguu ukaacha kukanyaga. Polepole, akishika ukingo wa meza, fundi akainuka.