Pigo la Mwisho la Mnara wa Birndorf

Mzee Misch Gunesch, mpiga kengele wa kanisa la Birndorf, alizaliwa mkaidi, lakini asubuhi ile alibisha hodi kwa Floarea, kofia mkononi.

"Makubwa haya! Mzee Misch mlangoni kwangu?" Floarea alimcheka. Miaka arobaini walitazamana dirisha kwa dirisha, Misch Msaksoni, wa uzao wa Wajerumani waliohamia Romania zamani, Floarea wa jamii ya Waroma, wale waitwao Wajipsi, na hakuna siku mzee aliyomruhusu kukanyaga mnara wa kengele.

"Usinichokoze, mama. Binti yangu Sara amekuja na gari kunipeleka kwake Ujerumani." Akauweka mezani ufunguo mkubwa wa chuma. "Wa mnara."

Cheko likamkauka Floarea.

Kanisa lile Wasaksoni walilijenga zaidi ya miaka mia saba iliyopita, wakalizungushia ukuta kwa kuwahofia wavamizi wa Kitatari. Hatari ikija, kijiji kizima kilijifungia humo, watu na nguruwe wao. Vita vikaisha, lakini kila nyumba iliendelea kutundika nyama yake iliyokaushwa kwa moshi mnarani, na kengele haikukosa kulia adhuhuri hata siku moja. Sasa mipaka ya Romania imefunguliwa, Wasaksoni wote isipokuwa Misch wamehamia Ujerumani, na ndoano za nyama ziko tupu.

Mtu akifa Birndorf, kengele kubwa hupigwa pigo moja kwa kila mwaka wa umri wake. Ila pigo la mwisho husubiri mpaka jeneza lishushwe kaburini. Misch alimpigia hata mkewe, na kwa sababu hiyo hakumwona akishushwa. Jambo hilo linamuuma mpaka leo.

"Mimi nikifia huko Ujerumani, ghorofani kwa Sara, atanipigia nani?" alisema kwa uchungu. "Haya, yaache. Wewe piga ya adhuhuri tu, isinyamaze. Twende nikuonyeshe."

"Unionyeshe nini? Miaka arobaini kengele hiyo imenipasua masikio! Mtu ana miaka sabini na mbili na bado anataka kumfundisha kila mtu kila kitu. Nenda, bintiyo anasubiri."

Misch akaondoka amenuna, bila hata kumpa mkono.

Gari lilikuwa linapanda kilima, saa nne hata haijagonga, kengele ilipoanza kulia. Ile kubwa. Pigo, kimya, pigo.

"Ah, mwanamke huyu!" Misch alifoka. "Hiyo ni ya msiba! Ananizika mzima mzima! Sara, simamisha gari!"

Akashuka, uso umemwiva kwa hasira, akaanza kuhesabu kwa mazoea. Kufika hamsini hasira ilikuwa imeisha. Sabini. Sabini na moja. Kisha kimya.

Walingoja. Upepo ukavuma, kimya kikabaki kimya.

"Amekosea hesabu, Baba," Sara alisema taratibu. "Twende."

"Hajakosea." Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee, wala hakuyafuta. "Moja ameniwekea. Siku yangu ikifika, Sara, unirudishe nije kulichukua."