Geti la Kwenda Majini

Watoto wa Bi Gia walikuwa wameshakata shauri: mama yao asishike usukani tena. Alikuwa na miaka sitini na saba, na thelathini na mmoja katika hiyo aliendesha mabasi ya masafa marefu. Jina lenyewe alipewa na abiria. Walizungumza naye taratibu, kama watu wanaomwekea mgonjwa mto. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akawamiminia chai, na Jumatatu asubuhi akatupa begi nyuma ya gari lake dogo la kijani, huyo akaondoka. Aliacha ujumbe kwamba anakwenda kuwatembelea marafiki zake mmoja mmoja, wangali wazima.

Wa tatu alikuwa Mkunga, shoga yake tangu enzi za usichana, walipopanga vyumba vya kutazamana. Mkunga na mumewe, mwalimu wa hesabu, walihamia mji ule wa pwani kabla haujajaa mahoteli na maduka ya kofia na miwani ya jua. Mwaka uliopita ugonjwa wa sukari ulifanya akatwe mguu wa kushoto, chini ya goti. Kwenye simu alikuwa akisema hajambo kabisa. Bi Gia alipoingia uani alimkuta kwenye kiti, uso ameuelekeza ukutani.

"Shoga, unatazama nini?"

"Bahari. Iko hapo nyuma."

Ukuta ulikuwa wa hoteli mpya. Njia ya miguu iliyopita kando ya nyumba yao kushuka ufukweni ilikuwa imepanuliwa, ikatiwa geti la chuma, na sasa ndiko yalikoingilia magari ya mboga na ya nguo za kufuliwa. Getini palikuwa na mlinzi na kibao: WAGENI WA HOTELI TU. Na huyu Mkunga, kwa miaka ishirini na miwili, aliogelea kila asubuhi kabla ya kwenda kuzalisha.

"Na mmenyamaza?"

"Mwalimu ameandika barua nne."

"Tano," Mwalimu alidakia kutoka jikoni, alikokuwa akimenya viazi. "Ya tano nimetumia lugha kali."

"Umesemaje, shemeji?"

"Nimesema 'kwa masikitiko makubwa'."

Bi Gia alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akamgeukia rafiki yake. "Kesho asubuhi tunakwenda kuoga baharini."

Mwalimu akatoka na kisu mkononi. Akataja mawimbi, mchanga, magongo, akataja daktari.

"Daktari amesema nifanye mazoezi," Mkunga alimkata kauli. "Hakusema nitazame ukuta. Kidonda kimefunga miezi mitano sasa, baba. Kilichobaki wazi ni kingine."

Saa tatu asubuhi walikuwa getini, Mkunga kwa magongo yake, amevaa gauni la kuogelea la zambarau juu yake koti la mumewe. Mlinzi, baba wa makamo mwenye sauti ya kuomba radhi, alisema hana ruhusa. Akamwita meneja. Meneja akaja mbio, mwanamke nadhifu, mwenye tabasamu la kazi, akamtazama Mkunga kuanzia magongo kwenda juu.

"Pole sana, mama. Kwa hali yako, leo tutakupokea kama mgeni wetu. Tutakuletea kiti cha magurudumu, taulo, na juisi. Mpiga picha wetu naye atafurahi."

Bi Gia alidhani yamekwisha. Hata mlinzi alishashika komeo. Lakini Mkunga hakusogea.

"Mwanangu, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu. Sikuja hapa kuomba ugeni. Nafungua mlango wa njia yangu, naingia baharini, narudi nyumbani kupika. Na kesho naja tena, na jirani yangu anakuja, na huna haja ya kumpiga picha mtu."

"Hilo haliwezekani, mama."

"Basi sawa," alisema Bi Gia. Akarudi nyumbani, akawasha gari lake, akalileta kinyumenyume na kulikingamisha mbele ya geti, shavu kwa shavu na chuma. Akazima, akautia ufunguo kifuani, akamketisha shoga yake kiti cha mbele.

Haikupita nusu saa, likaja lori la shuka. Dereva akapiga honi, akashuka, akauliza kuna nini, akaelezwa. Akatafakari.

"Shuka si zangu," alisema, akakaa kwenye ngazi ya lori lake na kufungua gazeti.

Majirani wakaanza kutoka: fundi viatu, muuza maji, wanawake wawili na watoto wao migongoni. Meneja akapiga simu polisi. Askari aliyefika alikuwa mzito wa mwili na wa maneno. Akasikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, kisha akamuuliza meneja, "Karatasi ya kuwaruhusu kufunga njia hii iko wapi?"

Iko makao makuu, akaambiwa. Hapo Mwalimu akajipenyeza na faili lake: nakala tano, kila moja ina muhuri wa hoteli wa IMEPOKELEWA. Askari akazisoma zote, moja baada ya moja, midomo ikimcheza.

"Wakati mnaitafuta karatasi," alimwambia meneja, "geti likae wazi."

Mchangani magongo yalizama. Bi Gia akainama ambebe mgongoni, Mkunga akakataa. Akaketi chini, akajisukuma kinyumenyume kwa mikono, mbele ya wageni waliolala kwenye viti vyao, mpaka maji yakamfika kiunoni. Mzungu mmoja akainuka kumsaidia. "Asante," alimwambia, "nimeshafika." Kisha akajilaza, akaogelea. Mwanzoni alienda upande upande, kama gari lenye tairi moja bovu. Baadaye mikono ikakumbuka. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Alisema ni chumvi.

Kesho yake walikuta kufuli jipya. Gari la kijani likarudi pale pale, safari hii na watu kumi na wanne. Siku ya nne hoteli ikatoa tangazo: njia itakuwa wazi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Majirani walishangilia, na Bi Gia akaanza kufunga begi.

Jioni hiyo hiyo, saa kumi na mbili na robo, Mkunga alivaa gauni lake la zambarau, akashuka peke yake getini. Mlinzi alikuwa ndiyo kwanza anavuta komeo, geti lingali nusu wazi.

"Muda umekwisha, mama."

"Wako, baba," alisema Mkunga. Akamkabidhi magongo yote mawili ayashike, akaketi mchangani, akaanza kushuka.