Kadi Iliyohama Kitanda

Hakubisha hodi. Tuliinua macho tukamkuta keshasimama mlangoni, mama wa makamo aliyevaa koti la bluu la zahanati, viatu vimejaa vumbi, kashika kishada cha funguo kama anayeogopa kunyang'anywa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Mkuu bila kuacha kuandika. Mkuu ndiye mwenye ofisi. Mimi aliniita Msomi, na kesho yake alikuwa aamue kama miezi yangu mitatu ya majaribio imenipatia kiti au mlango.

Mama alijieleza kuwa yeye ni karani wa kumbukumbu. Tangu asubuhi kompyuta yake haifungui faili hata moja, kina mama na watoto wamejaa kwenye mabenchi, na daktari mkuu anashikilia kwamba yeye ndiye aliyegusa asichokijua. Isipojulikana vinginevyo kabla ya saa kumi, akabidhi funguo za chumba cha kumbukumbu. Alikuwa amekaa nazo miaka kumi na tisa.

"Mwanangu, mimi mambo haya siyajui," aliniambia. "Kama nimeharibu mimi, niambie. Kama si mimi, mwambie daktari ni nani. Usinifiche."

Nikamwahidi, tena upesi.

Faili za zahanati hutunzwa ofisini kwetu, naye akaomba kuiona hiyo kompyuta inayozitunza. Nikamwonyesha seva yetu pale pembeni, nikamweleza kwamba ndani yake mna kompyuta nyingine saba, ya zahanati ikiwa mojawapo, na hakuna hata moja yenye sanduku, feni wala waya. Zimeundwa kwa maagizo matupu, ila kila moja inajiona mashine kamili. Mama akaizunguka seva, akachungulia nyuma yake kama anayetafuta paka, akauliza kama hizo saba huwa hazigombani. Mkuu akacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Niliingia kwenye mashine ya zahanati, nikaiuliza ina kadi gani ya mtandao, ile ya kuiunganisha na nje. Ikajibu: enp0s8, haifanyi kazi. Nikafungua faili la mipangilio. Humo jina lilikuwa jingine: enp0s3.

Chuoni niliyakariri majina haya ili nifaulu mtihani, basi. Sasa nilimsomea mama polepole, kidole kwenye kioo: en, mtandao wa waya; p0, njia ya ndani namba sifuri; s8, nafasi ya nane.

"Jina linasema kadi imekaa wapi," nilisema, na mwili ukanisisimka.

Kadi yenyewe haikuwepo. Nafasi ya nane haikuwepo. Hata hivyo, kulikuwa na watu nisiowajua waliojali kiasi cha kukipa kila kitu mahali pa kukaa ndani ya kitu kisichoshikika, kisha wakakiita kwa mahali hapo ili kisipotee. Nilijiona mdogo, na nilifurahi kuwa mdogo.

"Ni kama wodini," mama alisema. "Mgonjwa wa kitanda cha tatu ukimhamishia cha nane, na karatasi bado inasema tatu, dawa itapelekwa kwenye kitanda kitupu."

Sijawahi kusikia mhadhara bora kuliko huo. Nikaandika nane penye tatu, nikaiamuru mashine isome upya, kisha nikaiambia iite zahanati. Majibu yakaanza kurudi, mstari baada ya mstari. Mama alijishika mdomo. Hata Mkuu alisimama nyuma yetu.

"Sasa," mama akauliza taratibu, "nani alimhamisha mgonjwa?"

Jana yake alasiri nilikuwa nikizipanga mashine zetu. Niliona inapendeza nafasi ya tatu ibaki wazi kwa majaribio, na kadi ya mtandao ihamie ya nane. Nikaanza na mashine ya zahanati: nikaizima, nikahamisha, nikaiwasha, nikaenda nyumbani bila kuijaribu.

Mkuu alikuwa amekwisha kuelewa. "Sema umeme uliyumba," alininong'oneza. "Umeme hauna mama wa kuulilia, Msomi. Na kesho ni kesho."

Ilibaki robo saa kutimia saa kumi. Nikainua simu, nikamwomba mama namba ya daktari. Aliitaja polepole, akinitazama usoni, kama anayenipa nafasi ya kukosea tarakimu.

Sikukosea.

"Daktari," nilisema, "kadi niliihamisha mimi. Karani wenu hakugusa kitu."